Saini, Jezi na Glavu: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Kibandani Kwangu, Kigoma

Nina kibanda cha cherehani pale Mwanga, mjini Kigoma. Ukutani, juu ya mashine, nimetundika jezi yenye saini ndani ya fremu ya kioo, na pembeni yake nimebandika karatasi ya vitu ninavyovitafuta. Haipiti siku bila mteja aliyeleta suruali ya kupunguzwa kuinua macho na kuanza kuuliza. Maswali mengi yanajirudia, na kwa kuwa nayapenda, nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake.

Hiyo karatasi ukutani ni ya nini?

Ni orodha ya matamanio yangu. Kila shabiki anayo, ila wengi wanaibeba kichwani. Ukiiandika inakusaidia mambo mawili: hununui kila takataka inayopita mbele yako, na watu wanakuletea habari. Mteja akisoma jina pale ukutani utasikia, "Fundi, huyu mbona ni shemeji wa jirani yetu?" Nusu ya nilivyonavyo nimevipata hivyo.

Kuna nini kwenye orodha yako?

Cha kwanza ni glavu za Juma Kaseja, na nafasi hiyo haijawahi kuchukuliwa na kitu kingine. Kaseja ni mtoto wa Kigoma. Mwaka 2003 Simba ilikwenda Cairo na mtaji wa bao moja dhidi ya Zamalek, waliokuwa mabingwa watetezi wa Afrika. Ikafungwa moja, mechi ikaenda kwenye penalti, na langoni akasimama kijana wetu. Simba ikapita. Mtaani kwetu watu walitoka nje na redio mikononi, hata sisi wa Yanga. Nazitaka glavu alizozivaa uwanjani, mechi yoyote ile, na saini yake kwenye mkanda wa kifundo.

Cha pili ni kitu chochote chenye saini ya Peter Tino kinachohusu Ndola, Agosti 1979. Sare ile ya 1-1 na Zambia, kwa bao lake, ndiyo iliyoipeleka Taifa Stars Lagos kwenye Mataifa ya Afrika ya 1980. Baada ya hapo tulikaa miaka 39 mpaka Misri 2019. Ningepata ukurasa wa gazeti la siku iliyofuata, yeye akasaini pembeni, ningefunga kibanda siku hiyo. Ninatafuta pia saini ya Leodegar Tenga, nahodha wa kikosi kile, na chochote kilichobaki cha Juma Mkambi, aliyewafunga Nigeria kwao Lagos na sasa ni marehemu.

Cha tatu ni cha nyumbani kabisa: jezi ya Mashujaa iliyochezewa tarehe 26 Desemba 2018. Siku hiyo timu yetu, ikiwa bado chini ya Ligi Kuu, iliingia Uwanja wa Taifa ikaifunga Simba 3-2 na kuitoa kwenye Kombe la Shirikisho. Aprili 2024 ikaitoa tena kwa penalti, safari hii hapa hapa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika. Ya 2024 itapatikana tu. Ya 2018 ndiyo inayoninyima usingizi, maana wakati ule hakuna aliyefikiria kuhifadhi jezi ya Mashujaa. Sitashangaa nikisikia imeshaishia shambani ikilimiwa mihogo.

Cha nne kinahusu fainali ya Kombe la Shirikisho ya tarehe 25 Julai 2021, Simba na Yanga hapa Kigoma, mwisho wa reli. Bao pekee alifunga Taddeo Lwanga, Mganda, na Yanga tayari walikuwa kumi baada ya Mukoko Tonombe kutolewa kwa kadi nyekundu. Skafu niliyovaa siku ile ninayo. Nataka saini ya Lwanga juu ya skafu hiyo hiyo ya njano na kijani. Rafiki zangu wananishangaa, lakini bao lilifungwa nikiwa nimeivaa, na kumbukumbu ya kweli inabeba hata kilichouma.

Halafu kuna vya mbali. Jezi ya Mbwana Samatta ya Aston Villa, kwa ajili ya bao lake la kichwa dhidi ya Manchester City pale Wembley, tarehe 1 Machi 2020. Ile ya siku yenyewe siitegemei, ya dukani yenye saini yake itanitosha. Namba ya kifuani ya Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025 baada ya saa mbili na dakika tisa za kukimbia, akimpita Mjerumani kwa tofauti ya sekunde 0.03. Jezi ya mwanasoka Aisha Masaka ya BK Häcken, klabu ya Sweden. Binti yangu ndiye aliyeiongeza hiyo kwa mwandiko wake mwenyewe, na amesema nikiipata ni yake.

Cha mwisho ni picha moja yenye saini tatu za ndugu wa damu: Kitwana, Sunday na Kassim Manara. Ukoo wao una asili ya Kigoma, na wote watatu waliichezea Yanga. Sunday ndiye yule "Kompyuta" aliyekwenda kucheza Heracles ya Uholanzi miaka ya 1970, wakati Mtanzania kucheza Ulaya ilikuwa hadithi. Saini tatu kwenye karatasi moja ni kazi kubwa kuliko saini tatu kwenye karatasi tatu, na ndiyo maana naitaka hivyo.

Kwa hiyo wewe ni Simba au Yanga?

Yanga, tangu babu yangu. Glavu za Kaseja nazitaka hata kama alizivaa akiwa Simba.

Mimi niko Tabora. Nianzie wapi?

Anzia na jezi zenye majina ambayo hayapo tena. Timu iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2023 iliitwa Kitayosce, ikawa Tabora United, na mwaka 2025 ikawa TRA United. Kila jina likifa, jezi zake haziongezeki tena. Wafungaji wa mechi ya tarehe 7 Novemba 2024, Tabora United walipowafunga Yanga 3-1 kule Chamazi, ndio ningewatafuta mapema nikiwa na jezi ya jina hilo mkononi. Ukimaliza hapo rudi nyuma kwa Rhino Rangers waliocheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14, kisha Milambo. Wachezaji wa Milambo unakutana nao sokoni na misikitini, ni watu wazima wenye wajukuu. Hao usiwaweke mwisho.

Nitumie kalamu gani?

Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona jezi nyingi zikiharibika kwa kalamu kuliko kwa panya.

Jezi za siku hizi ni polyesta. Kitambaa hicho hakinywi wino kama pamba: wino unakaa juu na kukimbia kwenye vitundu. Kalamu ya kawaida ya mwanafunzi itakwaruza na kuvuta nyuzi, saini itatoka vipande vipande. Tumia maka peni ya kudumu yenye ncha ya wastani. Ile ya ubao mweupe usiiguse, inafutika kwa kidole. Kitambaa cheupe au cha njano, wino mweusi au wa bluu. Kitambaa cheusi au kijani kilichokolea, maka ya rangi ya fedha, nayo itikise kwanza na uijaribu kwenye karatasi mpaka rangi ishuke, isije ikamwaga tone kwenye mkono wa mchezaji.

Kabla hujampa, ingiza kipande cha boksi ndani ya jezi ili wino usipenye hadi mgongoni, kisha wewe mwenyewe uivute kwa mikono miwili ikaze kama ngozi ya ngoma. Mchezaji ana sekunde tano tu, na kitambaa kilicholegea kitampindisha. Mwelekeze kwa kidole mahali pa kusaini. Mimi nachagua ndani ya namba ya mgongoni, kwa sababu ile plastiki ya namba ni laini na saini inatoka safi. Ubaya wake ni kwamba wino haupenyi, unakaa juu tu, kwa hiyo usikunje jezi kabla haujakauka kabisa. Ipe dakika kumi, kumi na tano.

Glavu zina kanuni yake. Usimpe kipa asaini kiganjani. Ule mpira wa kiganja unaoza, miaka michache tu unaanza kunata na kumeguka, na saini inaondoka nao. Asaini kwenye mkanda au mgongo wa glavu.

Kwenye picha ya kung'aa, ifute kwanza kwa kitambaa kikavu, maana mafuta ya vidole yanaukataa wino. Tafuta sehemu yenye rangi hafifu, kama anga au nyasi zilizokauka. Saini juu ya jezi nyeusi ya refa haisomeki.

Naweza kuifua jezi yenye saini?

Hapana. Wala kuipiga pasi. Jasho la mchezaji likiwamo, liache. Ianike kivulini siku mbili, harufu itapungua.

Wachezaji nawapata wapi?

Sisi wa Kigoma tuna bahati ambayo hatuitumii. Tangu Mashujaa ipande Ligi Kuu mwaka 2023, timu zote kubwa lazima zije hapa. Na kwa kuwa hapa ni mbali, haziji asubuhi na kuondoka jioni. Zinalala.

Muda mzuri ni siku moja kabla ya mechi, wanapotoka mazoezini kuelekea kwenye basi. Baada ya mechi usisumbue: aliyefungwa hataki kuonana na mtu, na aliyeshinda anazongwa na watu mia. Asubuhi ya kuondoka nayo ni nzuri, wakiwa wameshakunywa chai wanasubiri mizigo ipakiwe. Usigonge mlango wa chumba cha mtu. Usiingie uwanjani kumkimbilia mchezaji, hata kwa mapenzi gani, maana klabu yako ndiyo itakayopigwa faini.

Anza na salamu. "Habari ya safari, kaka?" inafungua milango kuliko "Oya, saini hapa!" Kuwa na kitu kimoja tu mkononi. Ukimtolea jezi nne atajua unakwenda kuziuza. Na umfahamu mtunza vifaa wa timu. Yeye ndiye anayejua jezi ipi ilichezewa na ipi ilikaa kwenye begi, na mara nyingi ni mtu mpole ambaye hakuna anayemsalimia. Mimi nimewahi kumshonea mmoja zipu ya begi la mipira usiku wa kuamkia mechi. Sikumtoza, na kesho yake aliniletea kitambaa cha nahodha.

Selfi haitoshi?

Piga, na iwe inaonyesha kalamu ikiwa juu ya jezi. Hiyo ndiyo itakayokuwa ushahidi wako. Ila simu ikizama ziwani, picha imezama nayo.

Nitajuaje kama saini ni feki?

Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Wino wa kalamu unang'aa tofauti na kitu kilicho chini yake, na mahali mistari miwili inapokatana utaona mmoja umepita juu ya mwenzake. Saini iliyochapwa haina juu wala chini. Vuta karibu kwa kamera ya simu: ukiona vinukta vidogo vidogo vya rangi, hiyo imetoka kwenye mashine.

Ya kuiga kwa mkono ni ngumu zaidi. Itazame kwa mwendo wake. Mtu anayesaini jina lake mwenyewe anakwenda mbio, mstari unaanza mzito na kuisha mwembamba. Anayeiga anakwenda polepole kwa hofu, mstari unatetemeka na unene wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho. Jezi ya timu nzima yenye saini ishirini zilizolalia upande mmoja kwa wino mmoja, hiyo imesainiwa na mtu mmoja mwenye subira.

Nililizwa mara moja. Muuzaji wa mtandaoni alinitumia kwa basi jezi ya taifa "yenye saini za kikosi chote". Nilipoifungua nikakuta saini moja ni ya mchezaji aliyekuwa ameshastaafu kabla jezi ya muundo ule haijatoka. Hela haikurudi. Tangu siku ile, kabla ya wino natazama kwanza mwaka wa jezi na mwaka wa mchezaji.

Nitajuaje kama jezi kweli ilichezewa?

Kwa picha za mechi. Hata wakubwa wa dunia wanafanya hivyo. Jezi ya Diego Maradona ya tarehe 22 Juni 1986, ile ya bao la mkono dhidi ya Uingereza, alibadilishana nayo Steve Hodge baada ya mechi. Ilipouzwa kwa mnada Sotheby's mwaka 2022 kukazuka ubishi kama ndiyo yenyewe au ni ya kipindi cha kwanza. Waliamua kwa kuilinganisha na picha: nembo ilivyoshonwa, michirizi inavyokutana, namba zilivyokaa. Kama fundi nakwambia hakuna jezi mbili zinazoshonwa sawasawa. Nembo moja itapinda nusu sentimita, namba moja itagusa mshono. Tafuta picha nzuri ya siku ile, kaa nayo na jezi mapajani, utaona.

Ile ya Maradona iliuzwa bei gani? Na zako utauza?

Zaidi ya pauni milioni 7. Zangu haziuzwi. Kubadilishana nabadilishana, na mtu akiniletea mtoto mgonjwa anayempenda mchezaji fulani, nimewahi kutoa bure mara mbili.

Nizihifadhi vipi kwa hali ya hewa yetu?

Adui wa kwanza ni jua. Fremu ikipigwa na jua la jioni kila siku, wino mweusi utakuwa wa kahawia, kisha kivuli, kisha hakuna kitu. Ukuta wangu unatazama kaskazini na bado mchana naifunika kwa kanga.

Wa pili ni unyevu. Kuanzia Novemba hadi Aprili, nyumba iliyo karibu na ziwa inatoa ukungu hata kwenye viatu. Usifunge jezi kwenye mfuko wa nailoni, inapumulia humo humo. Izungushie shuka kuukuu la pamba lililofuliwa na kukauka vizuri, weka ndani ya boksi, tupia na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya. Wauza viatu wanavitupa, waombe. Mara moja kwa mwezi, siku ya jua, vitoe vyote vipate hewa kivulini.

Wa tatu ni mchwa. Boksi lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta. Matofali mawili, ubao juu yake, nafasi ya ngumi moja kutoka ukutani.

Na mafundi wa fremu uwasimamie. Nilipeleka picha ya zamani ya kikosi cha mkoa kwa fundi mmoja, ina saini saba nyuma. Nyuma, si mbele. Nilimwambia, akaitikia, akaenda kuibandika yote kwenye hadibodi kwa gundi ya mbao. Saini saba ziko pale mpaka leo, zimelala kifudifudi, sina namna ya kuzifikia. Wenyewe watatu kati ya saba wameshafariki. Tangu hapo nafunga fremu zangu mwenyewe, na picha naishikiza kwa vipembe vya karatasi kwenye kona nne, bila tone la gundi.

Niandike kumbukumbu gani?

Tarehe, mahali, nani alisaini, nani alikuwapo, umeipataje. Daftari la mistari linatosha. Andika siku hiyo hiyo, usingoje kesho.

Nina hela kidogo na muda kidogo. Nianze na nani?

Anza na wazee. Ningekuwa na uwezo wa kubandika jibu moja tu ukutani, ningebandika hili. Samatta atasaini maelfu ya jezi maishani mwake. Kipa wa timu ya mkoa wa miaka ya sabini hajawahi kuombwa saini hata moja, na yuko Ujiji, nyumba ya tatu kutoka kwenye mwembe.

Nilikwenda kwa mzee kama huyo. Nilitanguliza kijana wake kuuliza kama anapokea wageni, nikaenda baada ya swala ya alasiri, na kilo mbili za sukari. Shikamoo, marahaba, karibu, kaa. Hatukugusa habari za saini kwa saa nzima. Alinionyesha vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto visivyokunja, vilivyovunjwa na mpira wa adhabu. Kisha nikatoa picha na kalamu. Akaishika kalamu, akasita, akaniuliza:

"Mwanangu, niandike jina la kitambulisho au la uwanjani?"

Nikamwambia, "Mzee wangu, yote mawili."

Akaandika la kitambulisho kwa mwandiko wa shule ya zamani, herufi zimeshikana zote. Halafu chini yake akaandika la uwanjani kwa haraka, bila kuangalia. Mkewe alikuwa mlangoni. Alisema hajaliona jina lile likiandikwa tangu waoane.

Je, kama mzee hajui kuandika?

Dole gumba. Nimeshafanya, kwa winga mmoja wa zamani kule Kibirizi. Niliazima kidau cha wino wa muhuri ofisi ya serikali ya mtaa, wino wa bluu. Mfute kidole kwa kitambaa chenye sabuni kidogo na kikauke, maana mikono ya mvuvi ina mafuta. Kibonyeze kwenye wino kidogo tu, kisha kwenye picha kwa kukiviringisha kutoka ukucha wa upande huu hadi upande wa pili, mara moja, bila kurudia. Usibonyeze juu ya uso wake kwenye picha. Wa kwangu alichagua mwenyewe mahali: juu ya mguu wake wa kushoto. Jina chini aliandika mjukuu wake wa darasa la tano, na kwenye daftari langu nikaandika majina ya wote wawili.